Mbuyu Usiokuwemo Kwenye Mchoro

Hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya waandishi na wachoraji vijana. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya msomaji. Mizaha nimeiacha ilivyokuwa.

Mbukwenyi!

Walioitikia vizuri salamu hii ya Kigogo ni wazee wa mstari wa mbele. Ninyi wa nyuma mnatazamana; inaonekana mmeshuka na treni ya umeme jana jioni. Karibuni, mtazoea.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wenzangu wa kalamu na wenzangu wa brashi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa ulimwengu, na siasa, katika kazi za kubuni za watu weusi. Zile hadithi na picha za wakati ujao, za nchi zisizokuwepo, za majini na roketi. Kijana aliyenipigia simu alinisihi, "Mzee, zungumza chochote, ila siasa isizidi." Nikamwambia basi atafute mtu wa mapishi. Halafu usiku nikawaza: hata mapishi, ukishauliza nani anapika na nani anakula kwanza, umeshaingia humo humo. Kwa hiyo nimekuja.

Nianze na kazi niliyoifanya kabla sijaandika hata ukurasa mmoja. Nilikuwa kibarua wa wapima ardhi. Sikuwa mpimaji, tafadhali. Nilikuwa yule anayebeba bikoni begani, ile nguzo ya alama ya mpaka, anayefyeka mstari, anayeshika fimbo iwe wima huku mpimaji yuko mita 200 huko anachungulia kwenye mashine na kupunga mkono: kushoto, kushoto kidogo, hapo hapo. Tulikuwa pembezoni mwa mji huu, upande ambao leo una lami na taa. Siku moja bikoni yetu ikaangukia chini ya mbuyu. Mbuyu mkubwa, ubavuni umepigiliwa vigingi vya kupandia, vingine vimemezwa na gome hadi vimebaki vichwa tu. Juu tunduni kuna nyuki. Chini kuna jiwe la kusagia lililobonyea katikati kwa kusagiwa miaka na miaka.

Akatoka bibi mmoja kwenye nyumba ya jirani. Tukamwamkia, akaitika marahaba. Hakufoka. Alimsogelea mpimaji, ambaye alikuwa amekunjua mchoro juu ya boneti ya gari na kuukandamiza kwa mawe manne, akauliza: "Mwanangu, kwenye hiyo karatasi yako, huu mbuyu upo?"

Tukautafuta wote. Barabara ya mita 30 ilikuwepo. Viwanja vilikuwepo, kila kimoja na namba yake. Eneo la wazi nalo lilikuwepo, limepakwa kijani kizuri, mahali ambapo ukienda kwa miguu hukuti hata kichaka cha kujikinga jua. Mbuyu haukuwemo. Mpimaji alikuwa kijana mstaarabu, akasema kwa upole, "Bibi, kwenye mchoro hapa ni patupu." Bibi akacheka. "Patupu," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akaenda kukaa kando ya jiwe lake, akatutazama tukichimbia bikoni mpaka tukamaliza.

Ofisi iliyotutuma sitaitaja, na mchoraji wa ile ramani sikuwahi kumwona. Lakini hilo neno, patupu, ndilo nililokuja nalo leo.

Ukianza kuandika hadithi za namna hii, kila mtu atakwambia kwamba uko huru, karatasi ni nyeupe, weka milima unakotaka, weka bahari, weka mfalme. Mimi naihofia hiyo karatasi nyeupe. Na watu weusi walioandika hadithi hizi kule Marekani waliihofia kabla yangu, maana babu zao walikuwa ndani ya mchoro wa mtu mwingine. W.E.B. Du Bois sisi tunamkumbuka kwa Umajumui wa Afrika na kwa kufia Accra mwaka 1963. Wachache wanajua kwamba mwaka 1920 alichapisha hadithi fupi ya nyota yenye mkia inayopita juu ya New York na kuua watu kwa hewa yake. Anasalia mtumishi mweusi wa benki, aliyekuwa ametumwa kwenye vyumba vya chini kabisa ambako wakubwa hawakupenda kwenda, na mwanamke mweupe tajiri. Kwa saa chache wanatazamana kama watu wawili. Kisha anatokea baba wa yule mwanamke na wenzake, kumbe kilichokufa ni mji tu, si dunia, na kufumba na kufumbua kila mmoja amerudishwa upande wake wa mstari. Du Bois alikuwa na nafasi ya kutuumbia dunia mpya. Akatuonyesha ile ya zamani inavyorudi mbio.

Octavia Butler naye alichapisha mwaka 1993 riwaya inayoanzia mwaka 2024. Wengi wanamsifu kwa utabiri, mimi kilichonikamata ni bei. Katika ile California yake maji yanauzwa ghali mara kadhaa kuliko petroli. Ukishaambiwa hivyo, huhitaji kuelezwa serikali ikoje, polisi wakoje, ukuta wa mtaa umejengwa kwa nini. Na mtu wa Dodoma ndiye wa mwisho kuhitaji maelezo. Nani humu hajaamka saa nane za usiku kukinga maji ya mgao, ndoo zimepangwa foleni kuliko wapiga kura? Nani hajabishana na mwenye mkokoteni bei ya dumu? Mkenya Wanuri Kahiu ana filamu fupi ya mwaka 2009, jina lake la Kiswahili safi, Pumzi, ambamo watu wanakusanya jasho na mkojo wao ili usafishwe na kunywewa tena. Niliitazama nikiwa na mwanangu. Akasema, "Baba, hawa wana mgao kama wetu."

Kuhusu jina la mkondo huu sitakawia. Mhakiki mmoja Mmarekani aliubatiza "Afrofuturism" mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2019 Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, akasema jina hilo linaitazama dunia kutokea Marekani, akaleta lake linaloanzia Afrika, "Africanfuturism". Ana haki. Tuendelee.

Maana sisi wa Kiswahili tuna nchi yetu ya angani tangu mwaka 1951. Kusadikika ya Shaaban Robert mmeisoma shuleni, na najua mlivyoisoma: kwa nini mwandishi ameiweka nchi angani? Ili kukwepa mkono wa mkoloni, alama mbili. Sawa, ni kweli, alikuwa karani wa serikali ya Waingereza na hakuwa mjinga. Lakini isomeni tena leo kama mafundi. Majumba ya angani hayakumshughulisha. Alichokijenga kwa makini ni baraza la hukumu. Kuna waziri anayeshtaki. Kuna Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Na kuna wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na juu, na chini, wakaleta maarifa, wakaishia kifungoni. Nchi inayotuma watu wakatafute elimu halafu inawafunga kwa kuipata: ukiwa na hilo unao ulimwengu mzima, hata kama hujui nguo zao ni za rangi gani. Katama Mkangi wa Kenya alirudi angani mwaka 1995 na riwaya ya Walenisi. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande linasema wale ni sisi. Huyu naye alikuwa ameshaonja kizuizini. Hawa watu hawakuwa wakicheza.

Nimetaja 1951, nami naupenda sana mwaka huo, kwa sababu ndio mwaka uliofungwa mradi wa karanga wa Kongwa.

Kongwa ni hapo jirani, mkoa huu huu. Wazee mnaijua habari hii, vijana mmeisikia kwa mbali. Baada ya vita ya pili Uingereza haikuwa na mafuta ya kula ya kutosha. Mwaka 1946 wakaja wataalamu, wakakaa wiki chache, sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Kutoka juu waliona nini? Patupu. Wakarudi kwao wakaandika mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, sehemu kubwa humu Tanganyika. Nawaomba muuone mpango ule kama mimi ninavyouona: ni hadithi ya kisayansi. Ina mitambo ya ajabu. Walichukua vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Ina mashujaa, wengi wao askari waliorudi vitani. Ina ardhi ngeni inayosubiri kuamshwa. Kazi ikaanza 1947. Mibuyu ikawa shida kuing'oa, nyuki wa ndani ya mibuyu wakawatoa watu mbio, mvua ikakataa, na kiangazi kilipoingia udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji, karanga zimo ndani hazichimbuliki. Januari 1951 wakafunga, hasara takriban pauni milioni 36.

Kila mkulima wa Kigogo aliyelima uwele na mtama pale angeweza kuwaeleza habari ya mvua ile na udongo ule. Tena bila malipo, labda kwa tumbaku. Lakini yeye hakuwemo kwenye mchoro. Au alikuwemo kama kibarua.

Sasa, mahali hapo hapo Kongwa, miaka kumi na kitu baadaye, wakaja wabunifu wengine. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola na wengineo. Samora Machel alikuwa pale. Mchukueni kijana mmoja wa SWAPO wa mwaka 1964. Amevuka mipaka kwa siri, amelala kwenye vumbi la Ugogo, anakula ugali wetu. Anajiandaa kufia nchi, na nchi hiyo kwenye ramani inaitwa Afrika ya Kusini Magharibi, na iko mikononi mwa makaburu. Jina la Namibia lilikuja kupitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1968. Nchi yenyewe ikaja 1990. Yule kijana kila asubuhi alijipanga mstarini kuitumikia nchi iliyokuwa kichwani mwake na kichwani mwa wenzake. Mimi sijui hadithi ya wakati ujao inayonizidia hiyo.

Lakini msiiandike kama shairi la sifa. Walioichunguza historia ya Kongwa wameonyesha pia wapiganaji waliowahoji viongozi wao wakajikuta matatani. Wameonyesha kwamba wapo waliozaa na wanawake wa pale, kisha safari ya ukombozi ikawachukua, watoto wakabaki na mama zao. Mtoto huyo ni raia wa ulimwengu upi? Hapo ndipo ningeanzia riwaya, kama ningekuwa na umri wenu na macho yenu.

Wachoraji mnaninyoshea mkono, nimewaona. Nanyi mna 1951 yenu. Mwaka huo Mary Leakey alikuja Kondoa kunakili michoro ya mapangoni, ile ambayo tangu 2006 imo kwenye Urithi wa Dunia. Pale Kolo kuna picha moja ya rangi nyekundu: watu watano warefu, wembamba kama moshi. Wa katikati ameshikwa mikono na wawili huku na wawili huku. Mary Leakey aliona ni mwanamke anatekwa. Watafiti waliokuja baadaye, wakizitazama ngoma za uganga za Wasandawe, wakasema pengine siye mateka hata kidogo; ni mtu aliyepandisha, na wenzake wanamshika asianguke. Mistari ni ile ile, rangi ni ile ile. Mmoja anaona unyang'anyi, mwingine anaona tiba. Nimesimama mbele ya ukuta ule mara tatu, na mara zote tatu nimeona wanamshika asianguke. Lakini mimi nimekulia huku, nimeona watu wakishikwa hivyo.

Na sisi tuliomo ndani ya ukumbi huu, tunakaa ndani ya kazi ya kubuni. Msicheke. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, ikajipa miaka 10. Mwaka 1976 kampuni ya Toronto, Kanada, ikakabidhi mpango wa mji. Miaka 10 ikawa 40 na ushee. Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo baada ya tamko la 2016, na hadhi ya jiji ikaja 2018. Kwa muda wote huo watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka ndani ya mji uliokuwa wakati ujao. Mtu anajenga chumba kimoja kwa tahadhari, asije akaambiwa amejenga juu ya barabara ambayo haijaja. Mwandishi wa hapa ana mtaji ambao mwenzake wa London hana.

Nina udhaifu wa kuangalia miji ya kubuni. Mkongomani Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima kwa makaratasi, maboksi na makopo. Inang'aa kama pipi. Mmoja wa mwaka 1996 aliueleza kuwa hauna polisi, hauna askari, hauna hata daktari, kwa kuwa hauwahitaji. Nimetazama picha zake kwa muda mrefu nikitafuta mtu aliyesimama barabarani, au meza ya mama muuza nyanya. Sijampata. Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni ya sinema ya Black Panther ya 2018, nayo nilikwenda kuitazama, nikafurahi, sioni aibu kusema nilitokwa machozi kidogo. Nikatoka najiuliza: nchi yenye akili zote hizo inampataje mfalme kwa kupigana kwenye maporomoko ya maji? Na yale madini yanayoitajirisha nani anayachimba, kwa ujira gani? Tuna ndugu zetu Mererani na Geita, wangeuliza swali hilo kabla ya tangazo la kwanza.

Sasa niwape kitu cha mezani, cha kazi. Unaandika, roboti anaingia mlangoni. Mmesikia nilichosema? Anaingia. Ningeweza kusema roboti inaingia. Ningeweza kusema roboti linaingia. Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha. Ukifungua mdomo tu, kitenzi kinakudai jibu. Ukiandika "anaingia" umempa uraia. Ukiandika "inaingia" umeiweka karibu na friji. Ukiandika "linaingia" msomaji ameshashika panga. Na tunajua wenyewe tunavyofanya tukimchukia mtu: "limekuja jitu lile." Tumemtoa kwenye ngeli ya watu, na hatujamgusa hata kwa kidole. Basi katika ulimwengu wako, nani anasemewa a- na nani anasemewa li-? Na ni nani aliyeamua, na je, watoto wa huko wanakubali?

Kuna binti mmoja aliniletea hadithi ya Dodoma ya mwaka 2150. Nyumba ina roboti mtumishi wa miaka 80 na mtoto wa miaka 12. Nikamuuliza: huyu mtoto akiamka asubuhi, anamwamkia? Akanyamaza. Alikuwa amenieleza betri, nyaya, mpaka jina la kiwanda, shikamoo haikumjia. Aliporudi baada ya mwezi alikuwa ameongeza sentensi moja tu. Wazazi wakiwa ndani ya nyumba mtoto anapita kimya, wakishatoka kwenda kazini, anasimama mlangoni mwa jikoni na kusema polepole, "Shikamoo." Roboti anaitika. Katika rasimu ya kwanza roboti yule alikuwa wa "inaitika". Hakuniambia kwamba amebadilisha, nilikuta tu.

La mwisho ni maneno yenyewe. Chukueni neno hongo. Leo ni rushwa, unafungwa kwalo. Karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao watemi wa Ugogo waliutoza misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa ikipita kati ya pwani na Tabora, kwa njia na kwa maji ya kunywa. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia kwenye vitabu vyao kurasa kwa kurasa, kama vile maji ya nchi kame ni mali ya mpita njia. Mwenye nchi aliyetoza ushuru akageuka mla rushwa ndani ya kamusi. Mkibuni nchi yenu, tafuteni na nyinyi neno moja lililopata ajali ya namna hiyo, mliache humo bila maelezo.

Chai naona imeshaletwa, nami nimevuka muda wangu. Mmoja ameniandikia kikaratasi: ule mbuyu uliishia wapi?

Ulikatwa. Si siku ile. Miaka kadhaa baadaye, barabara ilipokuja kweli. Sikuwepo, sijui jiwe la kusagia lilikwenda wapi, na bibi sikumwona tena. Barabara ina jina lake rasmi kwenye kibao cha bluu, jina zuri tu. Mwezi uliopita nilipanda daladala kupita huko. Tulipokaribia pale, konda akagonga bodi mara mbili, akapaza sauti: "Mbuyuni wapo?"

Na nyuma kabisa, mtoto wa shule ambaye hajazidi miaka kumi, begi mgongoni, akaitika: "Wapo!"